Mwanangu, kuhusu wale Mabegum wa Bhopal

Mwanangu,

Umeuliza kwa nini Sultan Jahan Begum (begum ni cheo cha bibi mtawala), baada ya wanawake wanne kupokezana utawala wa Bhopal, dola ya India iliyokuwa chini ya ulinzi wa Waingereza, alimwachia kiti mwanawe wa kiume mwaka 1926. Nitakujibu, ila nianze na Qudsia, wa kwanza wao, maana fundo lilifungwa huko.

Mwaka 1819 mumewe, Nawab (yaani mtawala) Nazar Muhammad Khan, alipigwa risasi kwa bahati mbaya na shemejiye Faujdar, mtoto wa miaka 8. Qudsia alikuwa na miaka 18, na bintiye Sikandar bado mtoto mdogo. Akaruhusiwa kutawala kwa niaba ya binti kwa sharti moja: atakayemwoa Sikandar ndiye atakuwa Nawab. Unaona? Ufalme mzima ulitiwa ndani ya nikaha. Nimewaambia wewe na dada zako mpaka mkachoka: kabla ya kuhesabu mahari, someni masharti.

Silaha ya Qudsia ikawa kuchelewesha. Mchumba wa kwanza, Munir, alipodai haki yake akawekwa kando, akaletwa nduguye Jahangir. Naye alisubirishwa ndoa hadi 1835. Alipopata madaraka, 1837, haikupita muda akamkata mkewe kwa upanga akiwa mjamzito. Sikandar akaenda na mama yake Islamnagar, karibu na Bhopal, akamzaa binti, Shah Jahan, huko mwaka 1838. Hapo huwa nafunga kitabu kwanza, nikachemshe maji ya chai.

Jahangir akafa 1844. Waingereza wakamkabidhi nani usimamizi wa nchi? Faujdar, yule yule wa bastola! Sikandar alimvumilia mpaka 1847 alipojiuzulu, kisha akashika usimamizi mwenyewe. Alikomesha kuwauzia matajiri haki ya kukusanya kodi, akapima ardhi, akalipa madeni ya dola. Na kabla ya kumwoza Shah Jahan mwaka 1855 akahakikisha sharti limebadilishwa: mume awe mume, basi. Mwaka 1860 akatambuliwa mtawala kwa haki yake mwenyewe. Ndiyo maana nasema someni masharti.

Sasa Sultan Jahan, binti wa Shah Jahan. Qudsia, Sikandar na Shah Jahan hawakuwa na mtoto wa kiume wa kumrithisha. Yeye alikuwa nao watatu. Wawili wakubwa wakafa 1924, na mjukuu, Habibullah, akadai kiti kwa kuwa baba yake alikuwa kifungua mimba. Bibi wa miaka 67 akapanda meli kwenda London, akashikilia mbele ya Waingereza sheria ya mirathi ya Kiislamu: mwana aliye hai humzuia mjukuu. Akashinda, kisha akamwachia kiti Hamidullah, kitinda mimba wake.

Kwa hiyo aliwasaliti mabibi zake? Ningesema ndiyo, lakini tazama: Hamidullah alikuwa na mabinti watatu na hana mwana wa kiume. Kiti kingekwenda kwa Habibullah, njia ya wasichana ingeziba. Mwaka 1928 Abida, binti mkubwa wa Hamidullah, akatambuliwa mrithi. Bibi alipiga hesabu hiyo? Natamani sana kusema ndiyo. Ila nawajua akina mama na vitinda mimba wao, na hapa nyumbani nawe unamjua mmoja. Sitaamua, ingawa ulimi unawasha.

Abida mwenyewe alihamia Pakistan mwaka 1950. Baba yake alipofariki 1960, cheo kikaenda kwa mdogo wake, Sajida; dola yenyewe ilikwisha kuingizwa India tangu 1949.

Mama yako