Dakika Kumi na Tano: Ushauri kwa Aliyekabidhiwa Timu ya Kikapu ya Chuo

Mechi ya tatu ya msimu wangu wa mwisho kama mchezaji tuliipoteza tukiwa ndani ya matatu. Ilikuwa Jumamosi ya Aprili, mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, na vijana kumi na mmoja tulikuwa tumebanana na mfuko wa mipira na katoni ya maji kwenye Barabara ya Mombasa, mbele kidogo ya South C, kilomita chache tu kutoka ukumbi wa Nyayo tulikokuwa tukisubiriwa. Saa tisa ilipotimia, kocha aliamuru wenye mbio washuke. Tulishuka watano tukiwa na jezi ndani ya masweta, tukapita pembeni mwa magari yaliyosimama. Wanne walifika kwa wakati. Wa tano nilikuwa mimi, nahodha, niliyekanyaga ukingo wa mtaro na kuteguka kifundo cha mguu, nikaingia ukumbini nikichechemea dakika mbili baada ya refa kufunga karatasi ya mechi.

Kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu duniani, ambazo ndizo zinazotumika katika ligi zetu, ziko wazi: dakika 15 zikipita baada ya saa iliyopangwa na timu haijafika, au haina wachezaji watano walio tayari kucheza, inapoteza mechi kwa matokeo ya 20 kwa 0. Refa alihesabu vichwa, vikawa vinne. Sikuwa na la kulalamika wakati ule na sina hata leo. Wapinzani wetu, waliokuwa wamekwisha kupasha misuli, walitupa pole kwa dhati kisha wakaenda kunywa chai.

Kilichoniuma zaidi nilikigundua mwishoni mwa msimu, tulipokosa nafasi ya mchujo kwa alama moja. Katika kikapu mshindi hupata alama 2 na anayeshindwa uwanjani hupata alama 1, ila anayepoteza kwa kutofika hapati kitu. Kwa maneno mengine, siku ile hata tungefika tukafungwa kwa pointi hamsini, tungelingana alama na walioingia mchujo. Tangu hapo nimekuwa meneja wa timu hiyo ya wanaume kwa misimu minne, na ushauri wangu kwa kijana yeyote aliyekabidhiwa timu ya chuo jijini Nairobi unaanzia hapo: kazi yako ya kwanza ni kuhakikisha kwamba kila wikendi kuna wanaume watano walio tayari, ndani ya ukumbi, kabla ya saa. Mengine yote nitakayoyasema yanatumikia jambo hilo.

Anza na kalenda ya masomo kabla hujaitazama ratiba ya ligi. Vyuo vingi vya hapa vina mihula inayoishia Aprili, Agosti na Desemba, na wiki mbili kabla ya mitihani utashangaa jinsi timu inavyoyeyuka. Aprili ndiyo mbaya kuliko yote kwa sababu mitihani huangukia katikati ya masika, na sisi wenye viwanja vya saruji visivyo na paa hatuna pa kufanyia mazoezi mvua ikinyesha. Mimi hununua karatasi kubwa ya manila, huchora miezi yote, kisha humwita kila mchezaji mmoja mmoja aandike kwa mkono wake tarehe za majaribio, mitihani na mafunzo ya nyanjani. Ukimwandikia wewe atasahau, lakini akiandika mwenyewe hataweza kukuambia Ijumaa usiku kwamba kesho ana karatasi ya takwimu. Karatasi ikijaa ndipo naweka mechi juu yake kwa kalamu nyekundu, na mara moja naona wikendi ambazo nitabaki na watu saba. Wikendi hizo naziombea mabadiliko ya ratiba mapema, kwa barua, miezi miwili kabla. Ombi la dakika za mwisho halina anayelisikiliza, na kusema kweli halistahili kusikilizwa. Kukitokea mgomo wa wahadhiri, muhula husogea na karatasi huchorwa upya, usione uvivu.

Karatasi ya mechi ina nafasi za wachezaji 12, na makosa ya mameneja wengi wapya ni kusajili 12 hao hao wakadhani wamemaliza. Mimi sikubali kuanza msimu na wachezaji chini ya 16. Wanne wa ziada wanaweza wasiwe na urefu wala kasi, lakini wanafika mazoezini, na kuna siku ya Novemba ambapo wafungaji wako wawili wako kwenye mafunzo Kisumu, mmoja hajalipa karo na hajui kama ataruhusiwa kufanya mtihani, na mwingine ana homa. Siku hiyo yule kijana wa mwaka wa kwanza uliyekuwa ukimchukulia kama mbeba maji ndiye atakayeanza. Basi mfundishe mapema kama atakayeanza.

Kuhusu usafiri nimejifunza kwa kufungwa. Kukodi matatu kwa siku nzima ni ghali kuliko kwenda na kurudi, lakini ukikodi kwa safari mbili tu dereva atataka kubeba abiria wengine kabla yako, na hapo ndipo dakika 15 zinapopotelea. Msimu uliofuata ule wa aibu nilimwendea dereva tuliyezoeana naye nikamwambia, "Mzee, mechi ni saa tisa, lakini mimi nataka tuwe ukumbini saa saba na nusu." Akacheka: "Kijana wangu, Jumapili barabara ni nyeupe, utakaa huko ukihesabu viti?" Nikamjibu kwamba nitavihesabu kwa furaha. Tulikubaliana nusu ya malipo asubuhi, na nusu ya pili mara tu tunapokanyaga lango la uwanja kabla ya saa nane. Tangu siku hiyo hajawahi kuchelewa. Wachezaji wanaoishi mbali na chuo, wa Rongai na Githurai, wasiambiwe wakutane nasi uwanjani. Walale kwa wenzao hosteli usiku wa kuamkia mechi.

Sasa niseme la mazoezi, maana kufika bila kujua unachofanya nako kuna hasara yake. Uwanja wa wazi wa chuo hauna saa ya sekunde 24, ile inayohesabu muda ambao timu lazima iwe imerusha mpira. Wachezaji wanazoea kudunda mpira, kuzungusha pasi, kumsubiri mtu mrefu ajipange, na hakuna anayewaharakisha. Siku wanapoingia kwenye ukumbi wenye saa, wanashtuka kengele inalia mpira ukiwa bado mikononi. Vijana wengi pia wamekulia kwenye mechi za vyuo vya Marekani wanazozitazama mtandaoni usiku wa Machi, ambako wanaume hucheza vipindi viwili vya dakika 20 na hupewa sekunde 30 kwa kila shambulio. Sisi tunacheza robo nne za dakika 10, tena sekunde 24, na 8 kati ya hizo ndizo za kuuvusha mpira mstari wa kati. Dawa yake haigharimu hata shilingi. Chukua mchezaji aliyeumia, mketishe kwenye kiti cha plastiki kando ya uwanja akiwa na simu mkononi, na kazi yake iwe kupaza sauti: "Kumi!" kisha "Tano!" kisha kupiga filimbi. Ukidaka ribaundi ya kushambulia, yaani mtupo wa timu yako uliokosa, baada ya mpira kugonga ringi, anaanza upya kutoka 14, si 24. Mwaka ule kifundo changu kilipokuwa kimevimba nilifanya kazi hiyo wiki tatu mfululizo, na kutoka kwenye kile kiti niliiona timu yangu vizuri kuliko nilivyowahi kuiona nikiwa ndani ya uwanja. Niliona, kwa mfano, kwamba kijana wetu mwenye mkono mzuri zaidi hakuwa akipewa mpira hadi zibaki sekunde sita, kwa sababu mimi nahodha nilikuwa nimewazoesha kunipitishia mimi.

Hilo linanileta kwenye mtupo wa mwisho. Februari 2021, kule Yaoundé, Tylor Ongwae alirusha mpira sekunde za mwisho, Kenya ikaifunga Angola 74 kwa 73, na timu ya taifa ikarudi AfroBasket, mashindano ya kikapu ya mataifa ya Afrika, kwa mara ya kwanza tangu 1993, mwaka ambao mashindano yenyewe yalifanyika hapa Nairobi. Nilipiga kelele kama kila mtu. Lakini kama meneja nakiri kwamba mtupo ule umenipa taabu, kwa sababu tangu hapo kila kijana anayeingia timuni anataka kuwa Ongwae timu ikiwa nyuma kwa pointi moja. Hawakumbuki kwamba ili mtupo wa namna hiyo uwe na maana, timu lazima iwe imebaki karibu kwa dakika zote zilizotangulia, na timu za chuo hubaki karibu kwa mitupo huru. Wapinzani wakifikisha faulo ya tano katika robo, faulo zao za kukaba zinakupa mitupo miwili huru, hakuna mkono usoni, hakuna anayekukimbiza. Sisi tulikuwa tukiipoteza nusu yake.

Nilichofanya ni hiki. Mazoezi yakiisha, jua likielekea kuzama nyuma ya hosteli na miguu ikiwa imechoka, hakuna anayeondoka hadi afunge mitupo miwili huru mfululizo, mmoja mmoja, wenzake wote wakiwa wamesimama kwenye mstari wa mwisho wakimtazama. Akikosa, wote wanakimbia kwenda na kurudi, mita 28 mara mbili, naye anarudi nyuma ya foleni. Kuna jioni moja mchezaji wetu mrefu kuliko wote alirudi kwenye foleni mara sita. Giza lilikuwa limeingia kiasi kwamba ringi ilionekana kama uzi. Alipofunga wa pili hakuna aliyeshangilia; walichukua mabegi kimya kimya wakaenda kula, naye akabaki akiufuta mpira kwa fulana yake. Wiki iliyofuata alikuja mazoezini nusu saa kabla ya wote, na sikumwuliza kwa nini.

Pesa nitaisema kwa ufupi. Mweka hazina asiwe nahodha wala kocha, michango iingie kwenye laini moja ya M-Pesa ambayo taarifa yake inasomwa mbele ya wote kila mwisho wa mwezi, na chakula cha siku ya mechi kinunuliwe kwanza kabla ya kitu kingine. Mayai ya kuchemsha, ndizi na chapati saa nne asubuhi vinatosha. Timu iliyokunywa chai tupu inaonekana robo ya tatu.

Ukipangiwa kwenda Mombasa, nenda siku moja kabla. Treni kutoka Syokimau inakufikisha Miritini kwa takriban saa tano au sita, lakini tatizo haliko kwenye safari. Sisi tumezoea hewa kavu ya nyanda za juu, na joto la Pwani lenye unyevunyevu linamkausha mtu maji kabla hajajua. Mara ya kwanza tulicheza saa chache baada ya kuteremka na tukaomba mapumziko yetu yote mapema, watu wakiwa wameshika magoti.

Wazazi nao ni sehemu ya msimu, hata kama hawaonekani. Mama mmoja alinipigia simu akaniuliza, kwa upole uliokuwa mkali kuliko matusi, "Mwalimu, mimi nilimleta kijana wangu Nairobi kusoma ama kurukaruka?" Nilimwambia ukweli, kwamba tangu 2024, Nairobi City Thunder ilipokuwa timu ya kwanza ya Kenya kufuzu BAL, ligi ya kikapu ya vilabu vya Afrika, vijana wengi wanaona njia ambayo sisi hatukuiona, ila njia hiyo ni nyembamba na mwanawe huenda asiipite. Nikamtumia picha ya ile karatasi ya manila, yenye mitihani ya kijana wake kwa mwandiko wake mwenyewe na mechi mbili nilizomwondoa. Hakunijibu siku hiyo. Muhula uliofuata alituma sufuria ya pilau.

La mwisho ni jezi. Zikusanye siku ile ile ya mechi ya mwisho, ndani ya matatu, kabla mtu yeyote hajashuka, uzihesabu na uzitie kwenye gunia. Mimi niliwahi kusema "mtaleta Jumatatu," zikarudi tisa kati ya kumi na mbili. Namba 11 niliiona miezi minne baadaye kwenye Barabara ya Thika, imevaliwa na kondakta aliyening'inia mlangoni, jina la chuo likiwa limefifia mgongoni. Nilimpa nauli yangu, naye akanirudishia chenji.