Kano la shingo likigeuka mfupa, si la Wajapani peke yao

Msomaji wa Ujiji ameuliza: dada yake kaambiwa kano la shingo limegeuka mfupa, naye amesoma kwamba huo ni ugonjwa wa Wajapani. Je, daktari kakosea?

Hapana. Jina hilo lilishika kwa sababu Wajapani ndio walioufuatilia kwa bidii tangu ripoti ya mtafiti wao Tsukimoto ya 1960. Lakini London ulikwishaandikwa na daktari Key mwaka 1838. Huko San Francisco, picha za CT (eksirei za kompyuta) za shingo za watu zaidi ya 3,000 zilionyesha ugonjwa huu kwa asilimia 4.8 ya wenye asili ya Asia, 2.1 ya Wamarekani weusi na 1.3 ya wazungu. Tarakimu hizo haziwezi kuhamishiwa Kigoma zilivyo, ila zinatosha kufuta kauli ya "sisi hatuugui huo". Wagonjwa wengi ni wanaume waliopita miaka 50. Kisukari na unene huongeza uwezekano.

Kano lenyewe hupita nyuma ya pingili, mbele tu ya uti wa fahamu, ile kamba ya neva ishukayo kutoka ubongoni ndani ya mfereji wa pingili. Likiota mfupa, uti hubanwa polepole. Nafasi ya uti ndani ya mfereji ikibaki milimita 6 au pungufu, dalili huwa karibu lazima.

Mpimeni hivi nyumbani: akunje ngumi na kufungua vidole kabisa, haraka awezavyo, kwa sekunde 10. Mwenye afya hufikisha 20 au zaidi. Akishindwa, au vifungo vya nguo vikimpa tabu, miguu ikikaza, mkojo ukisumbua, msisubiri maumivu. Wengine hawaumwi shingo hata kidogo.

Eksirei ya ubavuni ni mwanzo tu. CT ndiyo huonyesha mfupa waziwazi, MRI (picha ya sumaku) huonyesha hali ya uti. Kwenye MRI peke yake mfupa huu huonekana mweusi, na ni rahisi kuudhania diski (kile kitakia cha kati ya pingili) iliyotoka.

Shingo isipindwe wala kukandwa na mtu yeyote. Ndoo na magunia ya dagaa ya Kibirizi, abebe mwingine. Bodaboda aachane nayo. Mfereji ukishabana, kuteleza kidogo tu kunaweza kumpoozesha mikono na miguu.

Akihitaji upasuaji, mfano MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, kuna njia mbili: kupanua mfereji kwa nyuma, au kuondoa mfupa kwa mbele. Kwa mbele, utando wa uti huenda nao umeshikana na mfupa, ukichanika maji yavuja. Muulizeni daktari waziwazi njia ipi na kwa nini. Na hata akipasuliwa tumbo tu, mtoa usingizi aambiwe mapema, maana wakati wa kuingiza mpira kooni shingo hukunjwa nyuma.