Ogopeni mita mbili: kwa wanaoanza kazi ya lipu na rangi Mji Mkongwe

Wadogo zangu, ghorofa ya tatu kila mtu anaiogopa mwenyewe. Jukwaa hufungwa vizuri, msimamizi hukagua, kamba hutafutwa. Lakini ukiambiwa upake rangi juu ya mlango, unavuta mapipa mawili, unalaza ubao, unapanda na ndara. Hapo ndipo watu wanapovunjika.

Anayeanguka kutoka mita 2 hufika chini kwa sekunde 0.6 hivi, akiwa na mwendo wa kilomita 22 kwa saa. Muda huo hautoshi hata kugeuza mwili. Wengi hutanguliza mkono, na kifundo huvunjika. Tena vichochoro vyetu ni vyembamba: chini yako kuna ukingo wa baraza ya mawe, na kichwa kinaweza kuufikia kabla ya kiwiliwili kufika chini. Kwa hiyo kabla ya kupanda, tazama utaangukia nini. Mawe na ndoo viondoe. Baraza haiondoki, basi hamisha ngazi.

Ngazi ikiegemea ukuta kwenye urefu wa mita 4, miguu yake iwe mita 1 kutoka ukutani. Usiiegemeze kwenye lipu ya chokaa iliyovimba kwa unyevu. Igonge kwa kitako cha mwiko, ukisikia patupu tafuta pengine. Fagia vumbi la chokaa sakafuni, ngazi huteleza juu yake. Ndoo ivutwe kwa kamba, usipande nayo mkononi. Ukiona huna budi kujinyoosha pembeni, shuka uisogeze ngazi. Inachosha, najua, na Ramadhani inachosha zaidi. Basi kazi ya juu imalizeni asubuhi, kabla kizunguzungu hakijaja.

Mkubwa wa kazi akisema "panda tu, pafupi hapo", muombeni jukwaa kwa adabu, wala msione haya. Zanzibar ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini tangu 2005, na usalama wenu kazini ni jukumu la mwajiri.

Mwenzenu akianguka, nakuombeni sana msikimbilie kumwinua. Akilalamika shingo, mgongo au ganzi ya miguu, abaki alivyo, kichwa kishikwe kisigeuke, mpaka waje wanaojua kumbeba. Akiinuka mwenyewe na kusema mzima, siku hiyo asilale peke yake, maana damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu. Akitapika, akisinzia ovyo au kichwa kikizidi kumuuma, mpelekeni hospitali ya Mnazi Mmoja usiku huo huo, na daktari aambiwe alianguka kutoka urefu gani na aliangukia nini.