Jibu: mpangilio wa picha kwa runinga ya inchi 32

Ndugu yangu wa Nyegezi, Mwanza, umeuliza kwa nini runinga yako ya inchi 32 inakata kingo za picha itokayo kwenye kompyuta, na kama uchague mpangilio wa picha wenye mistari 1080 au 768. Anza na runinga yenyewe: fungua menyu ya ukubwa wa picha kwa rimoti, uzime ukuzaji unaomeza kingo, kwani ukiipunguza picha kwenye kompyuta maandishi yatafifia.

Runinga nyingi za ukubwa huo, hata zinazopokea 1920 kwa 1080, zina kioo chenye pikseli (nukta za picha) 1366 kwa 768 tu. Kama yako ni hivyo na inaukubali mpangilio wa 768 kupitia HDMI, uchague huo. Ikiukataa, tumia 1080.

Ninalolisisitiza zaidi ni kasi ya picha. Filamu nyingi za sinema hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, ilhali matangazo ya televisheni ya hapa kwetu hufuata 25 au 50, hivyo ukiiacha kompyuta kwenye herzi 60, yaani picha 60 kwa sekunde, daima, kamera inapozunguka polepole kuonyesha Jiwe la Bismarck la hapo Mwanza utaona picha ikishtukashtuka. Kwenye Kodi, programu ya kuchezea video, washa kipengele kinachobadilisha kasi hiyo kulingana na video. Runinga isiyoweza kuonyesha picha 24 kwa sekunde bado itakufaa kwa herzi 50 kwenye taarifa za habari na mechi.