Kumweka mtu kwenye picha ya bahari shwari

Wanaoanza hukimbilia mawimbi. Anza na mstari wa upeo wa macho. Upige kwa rula, kisha pima kutoka ukingo wa juu wa turubai, kushoto na kulia. Ukitofautiana hata milimita 3, bahari itaonekana inamwagika na utulivu umekwisha kabla hujagusa rangi. Usiuweke katikati. Ukishushwa hadi theluthi ya chini, anga hutawala na mtu huonekana mpweke zaidi.

Kijivu cha maji usikitoe kwenye rangi nyeusi, kitakufa. Changanya buluu ya altramarini na kahawia-nyekundu, kisha ongeza nyeupe. Anga, maji na mchanga vikaribiane kwa mwanga. Fumba macho nusu: kama bado vimeachana sana, punguza.

Mtu mtie mwisho, rangi ya chini ikishakauka, ili ukikosea umfute kwa kitambaa. Hapa ndipo picha nyingi huharibikia. Ikiwa mtazamo wa picha ni wa mtu aliyesimama kwenye ufukwe tambarare, kila mwenye kimo kama chake kichwa kitagusa upeo, awe karibu au mbali. Kinachobadilika ni nyayo: kadiri anavyokwenda mbali ndivyo zinavyopanda. Ukiteremsha kichwa chini ya upeo, mtu mzima anageuka mtoto, au anaonekana yuko shimoni. Kosa lingine ni kichwa kikubwa. Mtu wa sentimita 4 kichwa chake ni nusu sentimita tu: doa moja la ncha ya brashi, mpigo mmoja wa mabega, miguu imezwe na kivuli. Mpe mgongo. Akitugeukia, tunatazama uso wake na bahari inakuwa pazia.

Caspar David Friedrich, Mjerumani, alichora mtawa mmoja mdogo kando ya bahari kati ya 1808 na 1810, kwenye turubai yenye upana unaozidi sentimita 170. Mwanzoni aliweka na meli, akazifuta.

Hata bila mtu, mtumbwi uliofungwa unatosha kusema kuna mtu. Taswira yake majini ishuke wima. Sehemu nyeusi zipauke kidogo, nyeupe zififie. Kamba iache ilegee, maana ikikaza tu, mtazamaji anasikia upepo.