Nimemzimia Bosi Wangu: Barua Zenu na Majibu Yetu

SWALI: Washauri wetu, shikamooni. Nina miaka 26, ni karani wa hesabu katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, na nina miezi mitano tu kazini. Meneja wangu ana miaka 38 na nasikia hajaoa. Meli ikiingia tunabaki na makaratasi hadi saa tatu usiku, kisha ananipa lifti hadi Rangi Tatu, na baadaye ananiandikia, "Umefika salama?" Juzi alinisifu mbele ya wenzangu, nikakosa usingizi. Siku hizi navaa kwa ajili yake, nachungulia stetasi zake, na akinyamaza siku nzima nahisi nimemkosea. Nimwambie au ninyamaze?
*Nimezama, Temeke*

JIBU: Marahaba, binti yetu. Kumpenda si kosa, na hakuna kifungu cha sheria ya kazi kinachohukumu moyo. Lakini kabla ya kuamua useme au unyamaze, jiulize kwanza: unampenda yeye, au unapenda kiti alichokalia?

Tunauliza kwa sababu mazingira yako yangempikia yeyote penzi bila kuni. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kwamba kitu tunachokiona mara kwa mara huanza kutupendeza kwa sababu tu tumekizoea. Wewe huyu bwana unamwona kuliko unavyowaona ndugu zako. Mwaka 1974 Donald Dutton na Arthur Aron walifanya jaribio kwenye daraja linaloning'inia juu ya mto Capilano, Canada. Wanaume waliohojiwa na msichana kwenye daraja hilo la kutisha walimpigia simu baadaye kwa wingi kuliko waliohojiwa kwenye daraja imara, kana kwamba mapigo ya hofu waliyasoma kuwa ya mapenzi. Nawe una daraja lako. Kontena halijatoka, gharama za hifadhi zinapanda, mteja anafoka kwenye simu, halafu usiku kibali kinapatikana na mnacheka wawili. Moyo wako ulikuwa unakwenda mbio tangu mchana. Aliyekuwa mbele yako ulipotulia ni yeye.

Kisha kuna sifa zisizo na ratiba. Angekusifu kila siku, ungezoea. Asingekusifu kabisa, ungekata tamaa. Anayesifu leo na kukaa kimya siku nne ndiye anayemfanya mtu afungue simu kila baada ya dakika kumi, na huenda mwenyewe hana habari, ana shughuli zake.

Basi chukua karatasi, uigawe mara mbili. Kushoto andika mambo kumi aliyokufanyia. Kulia, mkabala na kila jambo, andika nani mwingine ofisini amefanyiwa hilohilo. Wengine wanaochelewa hupewa lifti? Kuhusu "umefika salama", meneja aliyembakiza binti kazini hadi saa tatu usiku anapaswa kuuliza. Asipouliza ndipo tungeshangaa. Futa kila lenye mwenzake. Yakibaki mawili matatu, tena yasiyo ya kazi (ulimtajia mama yako amelazwa, naye wiki mbili baadaye akamwulizia), hapo huenda pana kitu. Yasipobaki, penzi ni la upande mmoja, na ni nafuu kuambiwa na karatasi.

Kumwambia sasa? Hapana, na sababu kubwa ni kalenda. Kwa Tanzania Bara, kifungu cha 35 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinasema ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haumhusu mwenye chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo. Wewe una mitano. Na kama bado uko kwenye majaribio, huenda barua ya kukuthibitisha inapita mikononi mwake. Akikukataa, kila kosa dogo atakalokusahihisha utalisoma kama kisasi. Akikukubali, ulichokipata kwa jasho wenzako watakitafutia maelezo mengine. Naye pia unamtwisha mzigo, kwani kampuni nyingi humtaka msimamizi atoe taarifa ya uhusiano wowote na aliye chini yake.

Jipe wiki sita za kupunguza kuni. Anza na lifti, maana humo garini ndimo penzi linamolelewa: "Leo narudi na mwenzangu, asante," basi, bila maelezo. Stetasi zake zinyamazishe. Kuzima tiki za bluu kunakuficha tu usionekane, kuchungulia kunabaki palepale. Ujumbe wa usiku usiohusu mzigo ujibu asubuhi. Saa za ziada ziandike zote. Sheria inaruhusu zisizozidi 50 katika kila wiki nne, kwa malipo yasiyopungua mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Ukikuta kuna jioni ulizobaki wala hapakuwa na kazi, ujue moyo wako unafanya ovataimu bila malipo.

Wengi hukosea kwa kujikataza kabisa kumfikiria. Mwaka 1987 Daniel Wegner aliwaagiza watu wasimfikirie dubu mweupe, nao wakashindwa kumtoa kichwani. Afadhali umpe dakika 15 kila jioni, uandike yote kwenye daftari, ufunge. Kosa jingine ni kukata ghafla: unaacha hata salamu, na siku ya tatu ofisi nzima inauliza mmegombana nini. La tatu, ambalo ndilo linalowaangusha zaidi, ni kumnong'oneza mfanyakazi mwenzako. Siri ya namna hii mpe mtu asiyelipwa mshahara na kampuni hiyo.

Usishtuke wiki sita zikiisha na bado unamkumbuka. Dorothy Tennov, aliyeuita ulevi huu limerensi miaka ya 1970, aliona mara nyingi hudumu kati ya miezi 18 na miaka 3, na chakula chake ni matumaini yasiyo na jibu. Tunachotaka kwanza ni upungue kiasi cha wewe kufunga hesabu za mwezi bila kurudia jumla mara tatu.

SWALI: Mambo vipi. Mimi ni mwanamume wa miaka 31, Nairobi. Msimamizi wangu ni mwanamke, amenizidi miaka sita, hana mume. Karatasi ya namna hiyo mimi nimeshaijaza kichwani, najua nampenda yeye mwenyewe. Nimeandika ujumbe mrefu wa WhatsApp na kila usiku nausoma nikiogopa kuutuma. Niutume?
*Kidole Kwenye Kitufe*

JIBU: Ufute. Ujumbe mrefu unampa mwenzako nyaraka, wala si nafasi ya kujibu. Ukipigwa picha unasambaa, na siku akiulizwa na watu wa rasilimali watu, ndio utakaosomwa.

Umri tuache, si hoja. Hoja ni nani anasaini nini. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 6, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na taarifa ya sera dhidi ya unyanyasaji wa kingono. Isome ya kwenu, kisha tazama kanuni za maadili sehemu ya mgongano wa maslahi. Kipengele cha mapenzi kazini hujificha humo. Ukikuta uhusiano wa msimamizi na anayemsimamia umekatazwa, utaratibu ni mmoja tu: omba kuhamia idara nyingine au tafuta kazi kwingine, *kisha* ndipo useme. Miezi minne ya kusubiri uhamisho ni mirefu, lakini baada yake jibu lake litakuwa la mwanamke, halitakuwa la msimamizi.

Ukifika hapo, sema ana kwa ana, mara moja, kwa maneno machache: "Sasa kwa kuwa hatufanyi kazi pamoja, ningependa tunywe kahawa Jumamosi. Usipopenda, hakuna neno." Isiwe safarini kikazi, ambako mnalala hoteli moja na hana pa kukukwepa. Isiwe kwenye sherehe ya mwisho wa mwaka, bia ya tatu ikiwa mkononi. Akisema hapana, ni hapana. Akisema "tutaona" na wiki mbili zikapita, hiyo nayo ni hapana iliyovaa adabu. Kurudia rudia kunaweza kuwa unyanyasaji hata kama cheo chako ni cha chini. Kifungu hichohicho kinamtaja mfanyakazi mwenza pamoja na mwajiri. Na maua ya kupelekwa mezani ofisini, kaka, tafadhali.

SWALI: Nilimpenda bosi wangu kimya kimya karibu mwaka, nadhani alihisi. Sasa mkataba wangu unaisha, naye anasema atausaini upya nikimfuata hotelini. Naona aibu kulalamika kwa sababu kweli nilimpenda.
*Nimechanganyikiwa, Mwanza*

JIBU: Ulichokuwa nacho kilikuwa hisia. Anachokifanya yeye ni rushwa ya ngono, na kumpenda kwako hakukuwa idhini ya biashara hii. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inamhusu mwenye mamlaka anayedai ngono ili kutoa ajira, cheo au upendeleo: faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.

Usifute ujumbe wowote, hata ule wako wa mapenzi; mazungumzo yaliyokatwa katwa hutiliwa shaka. Piga picha za skrini zinazoonyesha namba yake, tarehe na saa, uzitume kwenye barua pepe yako binafsi, kwani ya ofisi inaweza kufungwa siku hiyohiyo. Aliyoyasema kwa mdomo yaandike leo: siku, saa, mahali, maneno yenyewe, nani alikuwa karibu. Kisha piga TAKUKURU namba 113, ni bure. Usiende hotelini kujitafutia ushahidi peke yako. Wao wana utaratibu wao wa kuweka mtego.

Mkataba usipohuishwa kwa sababu umekataa, usikae kusubiri huruma yake. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, mingineyo ndani ya siku 60. Hapa ndipo watu hupoteza haki zao: wanakaa miezi mitatu wakijiuliza kama walimchokoza.

SWALI: Sisi tumeshavuka huko. Mimi na mkuu wangu wa idara tuna miezi minane pamoja, hakuna anayejua. Tuendelee kuficha?
*Pendo la Sirini, Arusha*

JIBU: Mnadhani hakuna anayejua. Mhudumu wa chai anajua.

Kinachowaangusha wakubwa mara nyingi si mapenzi peke yake, ni kuficha. Septemba 2025 Nestlé ilimfukuza mkurugenzi wake mkuu, Laurent Freixe, kwa uhusiano ambao hakuutolea taarifa na mfanyakazi aliyekuwa chini yake moja kwa moja. Nyinyi anzeni kwa kuorodhesha kila anachokusainia: likizo, posho za safari, tathmini, saa za ziada, nidhamu. Kisha yeye, kwa kuwa ndiye mwenye mamlaka, aandike barua fupi kwa rasilimali watu kuomba saini hizo zihamie kwa mtu mwingine. Aandike yeye, wewe usitangulie.

Jihadhari na hatua inayofuata. Pakiamuliwa mmoja ahame, kwa kawaida huhamishwa wa chini. Ukikubali, taka kwa maandishi kwamba cheo, mshahara na tarehe ya kuanza kazi vinabaki vilevile. Akikataa kuandika barua wakati anaendelea kukusainia posho, umejua anachokilinda.

SWALI: Bosi wangu ana mke. Ninampenda, naye anataka kunioa wa pili, ameshatuma mshenga kwa baba mdogo. Kazi niache?
*Mwana wa Tanga*

JIBU: Hongera kwa kupitia mlangoni. Kazi usiiache kabla ya ndoa. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kusudio la kuoana hutolewa taarifa angalau siku 21 kabla, na mke aliyepo ana haki ya kuweka pingamizi, kwa mfano kwamba uwezo wa mume hautoshi na familia itataabika. Pingamizi likija huku umeshaacha mshahara, utabaki huna ndoa wala kazi. Kwa mwenye mshahara wa mwezi, notisi ya kuacha kazi haipungui siku 28. Kama ni lazima uondoke, iandike baada ya nikahi, na kabla ya hapo ombeni awepo msimamizi mwingine wa kusaini karatasi zako.