Usifute rangi za picha ya bibi kabla hujaamua kila rangi iwe kijivu cha namna gani

Ndugu mleta mada, usihifadhi kitu chochote juu ya faili hilo. Umeandika kwamba una picha moja tu ya rangi ya marehemu bibi yako, ameketi barazani, amejifunga kanga ya kijani yenye maua na maandishi mekundu. Kwamba unataka kuigeuza iwe nyeusi na nyeupe, uichapishe kubwa na kuitia fremu kabla ya arobaini. Na kwamba kuna mtu amekuelekeza ushushe ukolevu wa rangi hadi sifuri, uhifadhi, kisha uifute ile ya zamani ili simu ipate nafasi. Umeuliza programu gani inafaa na karatasi gani inafaa. Mimi naanza na maelekezo hayo uliyopewa, kwa sababu ni yaleyale niliyopewa mimi, na yaliniharibia kazi ambayo haikuweza kurudiwa.

Ndani ya simu, picha ya rangi ni namba tatu kwa kila pikseli, yaani kila nukta ndogo inayoijenga picha: kiasi cha nyekundu, cha kijani na cha bluu, kila kimoja kati ya 0 na 255. Unaposhusha ukolevu hadi sifuri, programu kadhaa huchukua ile namba kubwa kuliko zote na ile ndogo kuliko zote, huzijumlisha na kuzigawa kwa mbili, na jibu linalopatikana ndilo kijivu. Sasa chukua kijani cha kanga chenye nyekundu 30, kijani 120 na bluu 60, ukiweke kando ya wekundu wa maandishi wenye nyekundu 140, kijani 10 na bluu 20. Jumlisha 120 na 30, gawa kwa mbili, unapata 75. Jumlisha 140 na 10, gawa kwa mbili, unapata 75. Rangi mbili ambazo mtoto mdogo huzitofautisha akiwa mbali zimekuwa kijivu kimoja, na maandishi yamezama ndani ya kitambaa. Ipo fomula iliyo afadhali, iliyowekwa kwa ajili ya televisheni, ambayo huipa nyekundu uzito wa 0.299, kijani 0.587 na bluu 0.114, kwa kuwa jicho la mwanadamu huona mwanga mwingi zaidi katika kijani. Kwa fomula hiyo kijani chetu kinafika 86 na wekundu unabaki 50, na maandishi yanaanza kusomeka. Hata hivyo, fomula haijui kwamba unachokitaka ni uso wa bibi na jina la kanga yake. Wewe ndiye unayejua.

Njia ile ya mkato nilifundishwa katika mafunzo ya kulipia, na mwalimu aliyesema kwa sauti ya mtu asiyepingwa kwamba picha nyeusi na nyeupe ni picha ileile iliyotolewa rangi, na kwamba kutunza faili mbili ni kujaza diski bure. Nikaitumia kwenye albamu nzima ya harusi. Mashangazi wa bwana harusi walikuwa wamevaa sare, kanga za kijani zenye jina jekundu, na kila anayezijua kanga anafahamu kwamba jina la sare ya harusi halichaguliwi ovyo: huwa kuna mtu anayeambiwa jambo. Albamu ilipofunguliwa, mashangazi wote walikuwa wamejifunga vitambaa vya kijivu visivyo na pindo, mji wala jina. Familia ikaomba picha hizo kwa rangi, nami nilikuwa nimeshahifadhi zile za kijivu juu ya zile za rangi na kuifuta kadi ya kamera, kama nilivyofundishwa. Malipo yote yalirudi kwa wenyewe. Kumbukumbu za siku ile hazikurudi, na hasira yangu kwa mwalimu yule haijapungua hata kidogo, kwa sababu alichukua ada ya watu ili awafundishe kuharibu vitu visivyotengenezeka. Anayeona kwamba naichukulia kanga kwa uzito mno aende kwanza akamwambie mama mkwe wake kwamba jina la kanga yake si muhimu, kisha arudi hapa tuendelee na mjadala.

Elewa kwa nini hakuna wa kukurudishia rangi hizo. Picha ikishageuzwa na kuhifadhiwa, namba tatu za kila pikseli zimekuwa sawa: 75, 75, 75. Hakuna hesabu inayoweza kuitazama 75 na kusema kama ilikuwa kijani au nyekundu. Zile programu zinazopaka rangi picha za zamani hukisia tu, na zinaweza kumvisha bibi yako kanga ambayo hakuwahi kuwa nayo.

Kwa hiyo shika hili: rangi zibaki salama ndani ya faili la mwanzo, kazi ifanyike kwenye nakala, na kila rangi uipangie wewe mwenyewe kijivu chake. Programu inayokuwezesha kufanya hivyo inafaa, iwe ya bure au ya kulipia. GIMP ni ya bure na ina kichanganyio cha chaneli, yaani cha zile namba tatu za nyekundu, kijani na bluu. Snapseed ya kwenye simu ina vichujio vya rangi ndani ya kifaa chake cha nyeusi na nyeupe. Lightroom ina vitelezi vinane, yaani vitufe vya kusogeza kushoto na kulia, kimoja kwa kila rangi. Kwa picha yako, shusha kijani ili kitambaa kiwe cheusi zaidi, kisha pandisha nyekundu kidogo kidogo hadi maua na maandishi yang'ae juu yake. Ukiwa na kitelezi cha rangi ya chungwa, kitumie kwa ajili ya uso, kwa sababu ngozi ya mtu huangukia zaidi hapo. Chaneli ya nyekundu huing'arisha ngozi na kulainisha mikunjo, ilhali ya bluu huifanya nyeusi zaidi, huichimba mikunjo na mara nyingi huleta chengachenga. Tafadhali usimng'arishe bibi hadi awe kama amepakwa majivu. Kama ngozi yake ilikuwa nyeusi ya kupendeza, ibaki hivyo, na mikunjo aliyoipata kwa miaka yake ionekane.

Sogeza vitelezi kwa kiasi pia kwa sababu picha yako, kama ulivyosema, ilikujia kwa WhatsApp. Faili la JPEG, ile aina ya kawaida ya faili la picha, huwa limeshika mwanga kwa undani kuliko linavyoshika rangi, na likibanwa tena wakati wa kutumwa hali huwa mbaya zaidi, kwa hiyo ukivuta rangi moja mbali sana utaona vijisanduku na kingo nyeupe kuzunguka mabega. Mwombe aliyeipiga akutumie upya kama faili, asiitume kama picha ya kawaida.

Mwaka 1927, mpiga picha Mmarekani Ansel Adams alipopiga picha ya mwamba wa Half Dome huko Yosemite, Marekani, aliweka kichujio chekundu kizito mbele ya lenzi ili anga la bluu litoke karibu jeusi na mwamba usimame wazi mbele yake. Alilazimika kuamua palepale, kabla ya kufyatua, kwa kuwa bamba lake la kioo la kunasia picha halikuwa na rangi za kurudia. Wewe unaweza kuamua leo, ukabadili kesho, ukamwonyesha mama yako, ukabadili tena, alimradi rangi zipo.

Na kama umeshahifadhi kabla ya kusoma hapa, usiendelee kuitumia simu hiyo kupiga picha nyingine. Kwenye iPhone, programu ya Picha hutunza ile ya mwanzo chini ya marekebisho yake. Fungua sehemu ya kuhariri, uirudishe. Ikiwa uliifuta kwenye Google Photos, angalia kapu la taka leo hii: picha iliyokuwa imeshapandishwa mtandaoni hukaa humo siku 60, na ambayo haikupandishwa hukaa muda mfupi zaidi.